Kuhesabu kwa Wimbo

Mimi ni mtu wa kulala macho wazi. Nilipokuwa mdogo mama alinituma kwa jirani nikaombe chumvi, nikarudi na ungo. Mama aliponiuliza nikasema nilikuwa nawaza. "Unawaza nini wewe, mume huna, watoto huna, ng'ombe huna?" Baba alicheka mpaka uzi ukamkatikia kwenye cherehani. Wazazi wangu walitoka Kilimanjaro kabla sijazaliwa, wakafungua duka la vitambaa Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Lami ilikuwa haijafika miaka ile. Magari ya watalii yakipita tangu asubuhi, ikifika saa sita vitambaa vyote dukani, vya bluu na vya kijani, vimekuwa vyekundu. Kazi yangu ilikuwa kupangusa. Nilikaa mlangoni na kitambaa mkononi nikilitazama vumbi linavyoelea kwenye jua, wala sipangusi chochote.

Kwa hiyo nilipopata nafasi kwenye mafunzo ya uchorongaji, mtaa mzima ulicheka. Kwanza, msichana. Pili, msichana yule. Wengi walidhani naenda kuchimba visima vya maji, nami nilichoka kueleza. Sisi tulifundishwa kutoboa mashimo membamba, sahani ya chai inatosha kuyafunika, ili kuijua ardhi kabla watu hawajaiwekea kitu juu yake. Je, itabeba jengo? Maji yaliyo chini ni salama, au yameingiliwa na uchafu? Tulikuwa wanafunzi saba, wanaume sita na mimi.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Singida, mwembamba, aliyevaa sweta moja masika na kiangazi. Alikuwa ametoboa ardhi maisha yake yote. Hakuziamini mashine sana. Alichukua udongo kidogo akautia mdomoni, akatafuna, akatema. "Meno yakisaga, ni mchanga. Yakiteleza, ni tope. Haya, nani mwingine?" Tukatafuna wote. Mpaka leo naweza kukuambia kwa ulimi udongo wa Karatu na udongo wa bonde la Mang'ola, ijapokuwa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilichokipenda kuliko vyote ni bomba la sampuli. Ni bomba fupi la chuma, linapigiliwa chini ya shimo, likitolewa linafunguka pande mbili kama ganda la njegere. Ndani umelala udongo wa mita tano au sita chini ya miguu yako, haujawahi kuona jua. Mara mwekundu, mara wa kijivu, mara mstari mweupe mwembamba. Mwalimu alisema ule mweupe ni majivu yaliyodondoka wakati milima ya Ngorongoro inawaka moto, kabla ya mtu yeyote kuwako. Basi mimi nimekwisha! Nilikuwa nikilishika bomba lile mikononi nikaiona mvua ya majivu inashuka taratibu, siku nzima, mwaka mzima, hakuna jogoo wa kuwika wala mtoto wa kulia. Wenzangu wameshaosha vyombo, wameshakaa kula, mimi bado nimeshika bomba. "Dada yetu kasafiri," walikuwa wakisema. "Akirudi atatuambia habari za huko."

Lakini bomba lile halikuingia ardhini kwa ndoto. Liliingia kwa nyundo. Tulisimamisha miguu mitatu ya chuma, juu yake kapi, na kwenye kapi kamba. Mwisho wa kamba ilining'inia nyundo nzito kuliko mfuko wa saruji. Watu wanne au watano wanavuta, nyundo inapanda, wanaachia, inaanguka juu ya fimbo ya chuma, nayo fimbo inalisukuma bomba chini. Kwenye fimbo tulichora alama tatu kwa chaki. Mpaka alama ya kwanza izame hatuhesabu, maana pale bomba linapita kwenye udongo uliovurugika. Kuanzia hapo ndipo tunahesabu ni mapigo mangapi yanazizamisha alama mbili zilizobaki. Mapigo mengi, ardhi ngumu. Machache, ardhi laini. Kazi yote ilikuwa hiyo, na mwalimu alituambia mara mia: anayehesabu achore kijiti kwa kila pigo, vinne vya kusimama na cha tano kinavikata, kisha atie saini. "Nyundo haina ndugu," alisema. "Ukiisingizia, itakuja kusema ukweli siku jengo liko juu yake na watu wako chini."

Mwishoni mwa mafunzo tulipelekwa kwenye kazi ya kweli. Ilikuwa kijiji kilicho chini ya msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo asubuhi huoni ng'ombe, unasikia kengele zao tu ndani ya ukungu. Kijiji kilitaka kujengewa tangi kubwa la zege. Mahali walipopapendelea ni upande wa juu, penye nyumba nyingi. Pakishindikana, tangi lingekwenda upande wa shule, ng'ambo ya korongo la pili. Mhandisi wa tangi alikuwa ametupa kikomo chake: upande wa juu ukipata mapigo chini ya ishirini, pasijengwe. Sisi tulikwenda kumpatia jibu. Mwalimu naye aliweka sharti lake: ambaye daftari lake litakuwa na uongo, harudi Karatu na cheti.

Wanakijiji walichangia nguvukazi, wakawa ndio wavutaji wetu wa kamba, wengi wao wanawake. Mimi nilipangiwa kulala kwa mmoja wao, mama wa Kiiraqw wa makamo, mume wake akifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa Oldeani na kurudi Jumapili. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka kwenye shimo letu. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe ndiye fundi?" Nikasema ndiyo, mama, shikamoo. "Marahaba. Hujashiba wewe. Kaa." Akaniwekea ugali na maziwa ya mgando, akasimama pembeni na mwiko mpaka nikamaliza. Tangu hapo aliniita mwanangu, na mimi, ambaye sikuwahi kulala nje ya kwetu, nilimpenda siku ile ile.

Yeye ndiye aliyekuwa akiimbisha. Kamba haivutwi kimya, watu watachoka. Alianza peke yake kwa Kiiraqw, sauti nyembamba inayopanda kama moshi wa asubuhi, mivuto minne. Wengine wakaitikia, mivuto minne. Kisha anaanza tena. Maneno sikuyaelewa. Mimi Kiiraqw changu kilikuwa cha dukani, cha mita ngapi na rangi gani. Labda ndiyo maana wimbo uliniingia hivyo, bila maneno ya kuniamsha. Siku ya pili niligundua jambo nililoliona la akili sana: ubeti na kiitikio chake ni mivuto minane, daima minane. Sasa vijiti vya nini? Nilikunja kidole kimoja kwa kila ubeti, mwisho nikazidisha kwa nane nikaandika. Vijiti nilivichora baadaye, vizuri, vimenyooka kuliko vya mtu yeyote. Mwalimu alilisifu daftari langu mbele ya wanaume sita! Macho yangu yakawa huru kutazama ukungu ukishuka kutoka msituni, ukiumeza mti mmoja mmoja, na mikono yangu ilijua kazi yenyewe.

Siku tuliyofika mita sita, ndipo mahali mhandisi alipopataka hasa, ukungu ulishuka mapema. Mama alianza wimbo wake. Nilikunja kidole, nikakunja kingine. Alama ya mwisho ilipozama nilikuwa nimekunja vinne. Nne mara nane, thelathini na mbili. Nikaandika, nikatia saini, mwalimu akatazama akasema, "Hapa hata kanisa litakaa." Wavutaji wakapiga vigelegele. Mama alizungusha kamba kiunoni akacheza kidogo, na mimi nikacheza naye, na buti zangu za plastiki. Nilifurahi kweli. Nilikuwa nimeshajua safari zake za maji. Korongo alikochota lilikuwa mwendo wa saa nzima, na njia ile ile ndiyo ya tembo wanapotoka msituni. Mwaka uliotangulia alikutana nao alfajiri akiwa na mimba ya miezi saba. Akatupa ndoo, akakimbia, akaanguka. Mtoto hakupona. Aliniambia hayo huku anachambua maharage, hakuinua kichwa.

Jioni ile tulikuwa tunakula jikoni, mama, binti yake wa miaka kumi na saba, na mimi. Binti naye alivuta kamba. Akamwambia mama yake kwa Kiswahili, nadhani ili nami nicheke, "Mama leo ulikuwa na haraka ya kwenda wapi? Umeanza tu, hatujaitikia, umeanza tena. Umetunyima kiitikio wimbo mzima!"

Mimi nilicheka. Nikapeleka tonge mdomoni. Halafu tonge likasimama.

Bila kiitikio, ubeti ni mivuto minne. Nne mara nne, kumi na sita, haifiki ishirini. Nikafanya hesabu tena kwa vidole chini ya meza, kama mtoto wa darasa la kwanza, ikatoka ile ile. Nikamtazama mama. Alikuwa akiutazama moto, anasogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa. Nikajua, na sikutaka kujua.

Asubuhi alichukua ndoo mbili, nami nikachukua moja nikamfuata njia ya korongoni. Hatukuona zaidi ya hatua kumi mbele. Umande ulitulowesha mpaka magotini. Tulitembea kitambo kirefu, nikawa natamani njia isifike mwisho, tuendelee tu hivyo, mtu na mama yake ndani ya weupe. Ila mdomo wangu ukajifungua wenyewe.

"Mama, jana wimbo ulikuwa mfupi."

"Ulikuwa mfupi."

"Ulisahau?"

Akasimama, akageuka. "Mwanangu, siwezi kukudanganya, umekula kwangu. Nilikuona na vidole vyako tangu juzi. Nikasema, kumbe huyu anahesabu kwa mdomo wangu. Jana niliona chuma kinazama upesi, nikaogopa. Nikasema moyoni, nikiufupisha, vidole vitakuwa vingi."

"Lakini tangi likianguka?"

"Lianguke vipi? Ardhi hii nimejenga, nimelima, haijaanguka. Nilidhani ni namba tu. Namba si unaandika mwenyewe?"

Ningemkasirikia, lakini nilijikasirikia mimi. Yeye hakufundishwa miezi tisa. Hakutafuna udongo. Mimi ndiye niliyeiacha kalamu nikamwachia mtu mwingine kazi ya macho yangu, kisha nikachora vijiti vya uongo vilivyonyooka. Nikamweleza pale pale, kwa maneno ya kawaida, kwamba tangi lenye maji ni zito kuliko nyumba zote za kijiji, kwamba chini ya udongo mzuri anaoulima kuna majivu yaliyolegea, na yakizama upande mmoja tangi linainama, na kwamba watakaokuwa wamesimama chini yake na ndoo ni yeye na binti yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Sasa likienda upande wa shule, ni mbali kama huku tunakochota?"

Nilitaka kusema hapana. Nilipiga hesabu ya korongo la kwanza na la pili, kushuka na kupanda. "Karibu sawa na hapa, mama. Ila njia ile haina tembo wengi."

"Haina wengi," alisema, akajitwika ndoo. Hakuniambia nikaseme, hakuniambia nisiseme. Nyumbani akanipa chai, ya maziwa kama siku zote.

Wallahi nilitamani kunyamaza. Mchana ule daftari lilikuwa liondoke na gari kwenda kwa mhandisi. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana, ilikuwa ni kukaa tu, na kukaa ndiko nilikokuwa hodari. Ningebaki na cheti, mama angebaki na maji mlangoni, na pengine tangi lingekaa miaka mia. Pengine. Lakini mficha uchi hazai. Nilimwona binti akipita na kamba begani, anaimba peke yake, nikaondoka nilipokaa.

Nilimkuta mwalimu anafunga daftari kwa mfuko wa nailoni. "Mwalimu, usilipeleke. Namba ya mita sita si ya kweli."

"Ebo! Si ya kweli kivipi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa nakisia kwa nyimbo. Vijiti nilichora baadaye, vyote, tangu siku ya pili."

Kuhusu mama sikusema. Haikuwa lazima, hata hivyo. Kosa lilikuwa limeshafanyika kabla yeye hajaligusa, na kwa sifa yangu ya kuota mchana hakuna aliyehitaji sababu nyingine. Mwenzangu mmoja alijishika kichwa. Mwingine akasema, "Dada, umetuua." Mwalimu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifungua daftari, akapiga mstari juu ya kurasa zangu moja baada ya nyingine, taratibu, akiutumia ukingo wa kiberiti kunyoosha mstari. "Nililisifu hili mbele ya watu," alisema. "Cheti tutakizungumza Karatu." Tulikizungumza. Sikukipata na wenzangu, nilirudia mafunzo mwaka uliofuata pamoja na watu wapya, na nilistahili.

Siku hiyo ilibidi tuhamishe miguu mitatu hatua mbili pembeni na kuanza shimo upya. Ilituchukua mpaka alasiri kufika mita sita. Wavutaji walikuja wakinung'unika, mikono imewachubuka, na walikuwa na haki. Mama alikuja pia. Nilidhani hatakuja. Alishika kamba mahali pake pa mbele, akaifunga kanga vizuri.

"Leo hakuna wimbo," mwalimu alisema. "Mnavuta, mnaachia, na huyu anahesabu moja moja, kwa sauti, niisikie mimi na msitu wote uisikie."

Nikasimama kando ya fimbo na kalamu. Alama ya kwanza ilizama, hatukuihesabu. Kisha mwalimu akanipa ishara ya kichwa. Nyundo ikapanda, ikaanguka. "Moja." Kijiti. "Mbili." Kijiti. Niliona chaki inavyokimbilia ardhini, jinsi fimbo inavyoshuka kama inashuka kwenye uji. "Tatu." Nilikuwa nikiomba Mungu iwe ngumu. Nilikuwa naomba jiwe, jiwe moja tu. "Nne." Kwenye tano mdomo ulifunguka na sauti haikutoka. Nilikuwa nalia, na pua inanitiririka mbele ya wanaume sita, na mkono umeshikilia kalamu hewani.

"Tano," alisema mtu.

Alikuwa mama. Hakunitazama. Alikuwa ameinua uso kwenye kapi, anavuta. "Sita." Sauti ilikuwa ile ile aliyoimbia, nyembamba, safi, ila sasa kwa Kiswahili, na polepole, ili mkono wangu umfikie. "Saba." Wavutaji wengine wakatazamana, kisha wakaanza kusema naye. "Nane. Tisa." Kila namba nilichora kijiti chake. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshaondoka, nyumba yake yote ilionekana nyuma yao, mlango uko wazi, ndoo mbili zimeegeshwa ukutani. "Kumi. Kumi na moja." Alama ya mwisho ilikuwa imebakiza upana wa kidole. "Kumi na mbili. Kumi na tatu." Wakavuta. Nyundo ikaanguka, chaki ikapotea ndani ya ardhi.

Wengine waliona kikomo hakikufikiwa, na hakuna aliyetaka kuitaja namba ile. Mama aliiachia kamba, akajifuta viganja kwenye kanga.

"Kumi na nne," alisema. "Andika, mwanangu."

Nikaandika.